Rangi ya Urojo wa Shangazi

Mimi siwezi kula kitu cha barabarani bila kukifunua kwanza. Wajukuu wangu hunicheka. Wakiniletea kuku wa kukaanga wa dukani na kile kikopo cha mchuzi mwekundu, nauliza wekundu ule umetoka wapi, maana nyanya naijua na nyanya haina wekundu huo. "Bibi, kula tu," wananambia. Neno hilo linaniudhi. Anayekwambia kula tu, ama hajui alichokupikia, ama anajua sana.

Tabia hii nimeirithi kwa mama, na mama aliipata mjini Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa shida ya chakula. Mchele ulikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na unga wa ngano ukipatikana mahali, habari ilikwenda nyumba kwa nyumba haraka kuliko habari ya msiba. Lakini watu hawakuacha kula, wala wauzaji hawakuacha kuuza, na hapo ndipo ujanja ulipoingia jikoni. Kahawa ilichanganywa na kokwa za tende zilizokaangwa. Samli ilikuwa nusu samli, nusu mafuta ya kopo. Maandazi yalijaa unga wa muhogo hata ukiyadondosha sakafuni yanalia ko. Kila mtu alijua, kila mtu alimshuku mwenzake, na wengi walifanya yaleyale nyumbani kwao huku wakiwateta majirani.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya Darajani, ya mawe, ghorofa moja, ngazi zake zikitoa mchanga kila ukizikanyaga. Sisi tulikaa juu, baba, mama na mimi, msichana niliyekwisha kumaliza skuli. Chumba cha chini alikaa shangazi yangu, dada yake baba, mjane. Kila alasiri alitoa jiko lake na sufuria kubwa, akakaa kwenye baraza ya mlango wetu, akauza urojo. Kwa asiyeujua, urojo ni mchuzi mzito wa unga, mkali kwa ndimu na embe mbichi, wenye rangi ya manjano, na ndani yake hutiwa viazi, badia za dengu na kachori, juu chatine ya nazi na pilipili. Mtu akitoka kazini hajafika kwake, anasimama, anapiga bakuli moja, anafuta mdomo na kwenda zake. Ndicho kilichokuwa chakula chetu cha haraka kabla hatujaletewa hivyo vya leo.

Sufuria ile ndiyo iliyomweka shangazi mjini. Mumewe alikuwa mtu wa Makunduchi, na alipokufa, mtoto wake wa kiume wa ndoa ya kwanza alimwambia shangazi kwamba kama atataka kukaa shamba, chumba kipo, ila awasogeze mbuzi. Shangazi alikuwa na kiburi chake. Alipanda gari la ng'ombe na mizigo yake akaja kwa ndugu yake, na siku ya pili akaazima sufuria. Hakutaka kulishwa na baba, kwa sababu kulishwa na baba maana yake ni kulishwa na mama.

Na mama hakumpenda. Sisemi walichukiana. Walikuwa mawifi, basi. Mama akifagia ngazi, shangazi alipita na kidole ukutani kutazama vumbi. Shangazi akipika, mama alisimama juu ananusa.

Kazi ya mama ilikuwa kusuka mikeka. Alinunua ukindu, majani ya mkindu yaliyokaushwa, kwa wanawake wa shamba na rangi ya unga katika duka moja la Mlandege: nyekundu, kijani, zambarau na manjano. Rangi zile alizichemsha kwenye debe bovu uani, akazamisha ukindu, akauanika, kisha akakaa dirishani mchana kutwa akisuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Kila rangi ilikuwa na kopo lake la maziwa, na makopo yote yalipangwa juu ya kabati la jikoni, mbali na vyakula. Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kuligusa moja tu. "Hii si ya kutia mdomoni," mama alisema. "Hii inakula hata debe."

Sasa basi. Ulifika wakati manjano ya kupikia yakatoweka madukani. Kama meli hazikuleta, au kama yaliletwa yakaishia njiani, sisi hatukuambiwa, wala haukuwa wakati wa kuuliza maswali kwa sauti. Pilau ikawa kama wali wa mgonjwa. Wauza urojo wa mjini, mmoja baada ya mwingine, sufuria zao zikapauka mpaka zikawa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Isipokuwa ya shangazi. Ya shangazi iliwaka. Alasiri, jua likipiga barazani, ungeiona sufuria ile kutoka mwisho wa kichochoro, na watu waliiona kweli, kwa maana walikuja hata wa mitaa ya mbali.

Mama alikaa dirishani na ukili wake mkononi, akitazama chini. Siku moja aliweka ukili, akaenda jikoni, akashusha kopo la rangi ya manjano, akalitikisa.

"Limepungua," akasema.

Nikamwambia labda aliitumia kwa mkeka wa bibi harusi.

"Mkeka ule niliutia zambarau. Nnajijua mie." Akalirudisha kopo juu, taratibu. "Haya. Nshajua."

Hakwenda chini kumuuliza. Laiti angekwenda! Mama yangu alikuwa na moyo mzuri na mdomo mbaya, na mdomo ulitangulia kila mara. Kesho yake, kwenye bomba la maji la mtaa, wanawake wamepanga ndoo zao, mama akasema, kama mtu anayejisemea peke yake: "Mie simo. Lakini mtoto akitoka kula pale kwetu barazani, mwambieni atoe ulimi mumtazame."

Basi. Hakuongeza neno. Jioni ile kina mama wa mtaa mzima walikuwa milangoni wakiwakagua watoto ndimi, na ndimi zote zilikuwa za manjano. Hakuna aliyefikiri kwamba ulimi uliokula manjano ya kweli nao huwa wa manjano. Mimi pia sikufikiri. Nilijitazama kwenye kioo nikahisi tumbo linaniuma.

Wateja wakaanza kupungua. Kwanza wanawake, halafu watoto, halafu wanaume waliotumwa na wake zao kupita njia nyingine. Mmoja alidai urojo wa shangazi umemtoa vipele, mwingine alidai umemharibia mimba mke wa mtu, mke ambaye hakuwa hata na mimba. Shangazi alikaa na sufuria yake iliyojaa mpaka magharibi, akaiingiza ndani. Badia zilizobaki alituletea juu kwenye sahani, tena kwa adabu, na mama alizipokea kwa adabu, kisha akazimwaga.

Kilichonishangaza ni kwamba shangazi hakujitetea. Alikuwa mtu ambaye ukimkanyaga mguu alikutajia babu zako saba. Safari hii alinyamaza. Nilipomuuliza, "Shangazi, kwa nini huwaambii kwamba ni manjano?" alinikazia macho akasema, "Wewe nani kakwambia nnatia nini?" Jibu la namna gani hilo? Nikaondoka nikiwa nimekwisha kuamini kama walivyoamini wengine. Na siku hizo nilimsikia akimwambia baba, sauti imekauka, kwamba mwezi ukiisha hivi atarudi Makunduchi. "Mbuzi hawasemi," alisema.

Mimi nilikuwa nafua nguo za nyumba. Ijumaa moja baba alitoka msikitini, akakaa barazani kwa dada yake makusudi ili watu wamwone anakula, na kwa hasira au kwa haraka akajimwagia urojo kwenye kanzu nyeupe. Jumamosi nikaiweka kanzu kwenye beseni, nikalisugulia doa sabuni ya mche. Doa likageuka jekundu.

Mwanamke yeyote aliyewahi kufua nguo ya mpishi analijua hilo. Manjano ya kweli yakipata sabuni huwa mekundu kama damu, unadhani umeiharibu nguo, kisha ukiianika juani doa linatoka lote, huoni hata kivuli. Rangi ya ukindu haifanyi hivyo. Rangi ya ukindu ikiingia kwenye nguo, utaipiga sabuni mpaka uchoke nayo itakutazama vilevile, ya manjano, mpaka nguo iwe tambara. Nilikuwa na gauni la kushuhudia.

Nikapanda juu na kanzu inachuruzika. "Mama, tazama."

Mama alilitazama doa. Akalisugua mwenyewe kwa kidole chenye sabuni. Halafu akapanda kigoda, akashusha lile kopo, akachokonoa ndani kwa kijiti. Rangi haikuwa imepungua. Ilikuwa imevuta unyevu wa masika ikajikusanya chini, bonge moja gumu lililogandana na bati. Mama alikaa juu ya kigoda na kopo mapajani. Nilidhani atalia. Hakulia. Uso wake uliingiwa na hofu, na mimi sikuelewa hofu ya nini, maana nilidhani mambo yamekwisha.

"Sasa kayapata wapi?" akasema, kwa kunong'ona.

Hapo ndipo na mimi nilipokumbuka pakacha. Kila baada ya siku kadhaa alikuja mtu wa Fumba, mvuvi, akamwachia shangazi pakacha la samaki wakavu. Nilikuwa nimelipokea mara nyingi kwa mikono yangu. Na shangazi hakuwa akila samaki mkavu, wala hakuuza, wala chumba chake hakikunuka samaki anayepikwa. Siku zile bidhaa iliyoingia kwa mtumbwi kutoka bara, bila kupita mahali pake, iliitwa magendo, iwe pipa la mafuta au kibunda cha manjano cha ukubwa wa ngumi. Na mtu wa magendo hakuulizwa maswali barazani, alichukuliwa akaulizwe huko kwa wakubwa.

Kwa hiyo ndiyo maana shangazi alinyamaza. Akisema ni rangi, atakuwa amejitangaza kuwa anawalisha watu sumu. Akisema ni manjano, ataulizwa swali la pili.

Mama alishuka chini. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi nikasimama. Shangazi alikuwa akichambua dengu.

"Wifi," mama akasema, "nimekukosea."

"Naam."

"Yale ni manjano."

Shangazi hakuinua kichwa. "Umejua hilo tu, au umejua na jingine?"

"Sitaki kujua jingine."

"Basi usijue. Na wale uliowaambia, utawaambiaje sasa? Kwamba si rangi?" Akacheka kicheko kibaya. "Ukiwaambia si rangi, wifi, hapo ndo umenimaliza."

Mama akarudi juu. Sijapata kumwona mtu aliyefungwa na mdomo wake mwenyewe namna ile. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, vyote pamoja, na sikuweza kumwambia hata kimoja.

Maneno lakini hayakai mahali pamoja. Haukupita muda, kuna mwenye akili aliyejiuliza swali lilelile alilojiuliza mama, na alasiri moja mjumbe wa mtaa akaja. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole kwa kawaida yake, ila tangu apewe ujumbe alijifunza kutembea polepole. Alisimama mbele ya baraza. Watu nao wakasimama, mbalimbali, kama hawasikilizi.

"Shikamoo, bibi," akamwambia shangazi.

"Marahaba."

"Bibi, nnasikia maneno mawili. Wengine wanasema unatia rangi. Wengine wanasema una manjano, na nchi nzima haina manjano. Hilo la kwanza ni la jikoni. Hilo la pili si langu mimi, ni la wakubwa." Akatazama ndani ya sufuria. "Mie napenda liwe la jikoni. Lakini nnataka kulisikia."

Shangazi alishika upawa. Alifumbua mdomo, akaufumba. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

"Ni rangi, mjumbe," sauti ikatoka mlangoni.

Mama alikuwa ameshuka na ukili wake bado mkononi. Alisimama mlangoni, kichwa wazi, hakukumbuka hata kujitanda kanga. "Ni rangi yangu ya ukindu. Miye ndo nnayemtilia. Si nilisema pale bombani? Nani hakunisikia?"

Wote walikuwa wamemsikia. Uongo alioutunga bila kujua sasa aliushika kwa mikono miwili kama kweli, mbele ya watu, na akajitia mwenyewe ndani yake. Nilimpenda kwa uongo ule kuliko nilivyowahi kumpenda kwa jambo lolote la kweli.

Mjumbe alishusha pumzi. Nilimwona. Alikuwa amefurahi, mtu yule, kwamba ni sumu tu. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama, akakunja uso. "Basi kesho nitakuja wakati wa kupika nikuone unavyotia. Watu wasiseme mjumbe kadanganywa. Na atakayetia, ndiye atakayeanza kunywa."

Baba hakuambiwa kitu. Mke wake na dada yake walikuwa na siri moja kwa mara ya kwanza, na walikaa nayo chumbani kwa shangazi, mlango umefungwa. Nilisikia shangazi akisema heri arudi Makunduchi, na mama akimwambia akiondoka sasa ndiyo amekiri. Manjano ya kweli yaliyobaki, shangazi aliyatupa chooni na maji juu yake. Mtu wa Fumba alipokuja na pakacha, mama alimfukuza mlangoni kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua, ili majirani wasikie kwamba nyumba hii haitaki samaki.

Kuna watakaosema wangetafuta njia nyingine. Labda. Mimi nilikuwepo na sikuiona. Shangazi hakurudi Makunduchi, aliuza urojo kwenye baraza ile mpaka miguu ilipomkataa, na alizikwa mjini. Hilo alilipata. Nasema alilipata, na siku nikilifikiri sana nashindwa kusema zaidi ya hapo.

Kesho yake mama alilivunja lile bonge kwa kijiwe cha kusagia, akatwaa kipande cha ukubwa wa ukucha. Alasiri sufuria ilipotokota, nyeupe, mjumbe akiwa amesimama karibu na nusu ya mtaa nyuma yake, mama akatia. Hakuhitaji kukoroga. Rangi ilikimbia yenyewe kutoka upande huu mpaka upande ule. Ilikuwa ya manjano kuliko siku zote, ya manjano iliyoumiza macho, na haikuwa na harufu yoyote. Urojo wa shangazi ulikuwa na harufu ya udongo na tangawizi, na sasa ulinuka ndimu tu. Nilingoja mtu aseme. Hakuna aliyesema. Watu walivutiwa, niliona shingo zao zinarefuka.

Mama akateka bakuli. Kabla hajalifikisha mdomoni, shangazi akamshika mkono.

"Urojo wangu, wifi," akasema. "Naanza mimi."

Akanywa. Alikunywa taratibu, hakuyaondoa macho kwa mama, mpaka nusu. Kisha akampa bakuli, na mama akamaliza uliobaki, akaligeuza juu chini wote waone.

Mjumbe akacheka kwa sauti. Akajitafutia nafasi barazani, akaomba bakuli lake, na badia mbili ndani. Baada ya hapo hakukuwa na wa kuwazuia. Wanawake wa bombani walikuja na watoto wao walewale waliowakagua ndimi. Waliokuwa na vipele walikuja. Kama mwenyewe amekunywa, na mjumbe amekunywa, basi! Walikula wamesimama, wamechutama, wakilamba vidole, wakisema urojo haujapata kuwa mtamu hivi, na shangazi aliteka na kuteka, kichwa chini, asimtazame yeyote usoni.

Mimi nilikuwa mlangoni nakuna nazi ya chatine. Njaa ilikuwa inaniuma. Mama akanipita akienda ndani kuchukua bakuli jingine, midomo yake ya manjano. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya chini, "Wewe usile," kisha akarudi nje na kumuuliza mjumbe kama anataka pilipili.